Fuata Joto, Chaja ya Simu Iache

Swali la wiki hii lilikuwa: "Je, tabia za nyumbani zinaweza kweli kupunguza kasi ya ongezeko la joto duniani, au tunabebeshwa mzigo wa serikali na viwanda?" Zinaweza. Shida ni kwamba tabia tunazohimizana zaidi ndizo zenye uzito mdogo, na zile nzito karibu hazitajwi.

Chukua chaja ya simu. Kutwa tunaambiwa tuichomoe ukutani. Chaja ya kisasa ikiachwa kwenye soketi bila simu inakula takribani wati 0.1, mwaka mzima haimalizi yuniti 1 ya umeme. Birika la umeme la wati 2,000 linaimaliza yuniti hiyo kwa nusu saa. Mtu anayechomoa chaja kila asubuhi, kisha akajaza birika pomoni ili apate kikombe kimoja, nia anayo. Mizani ndiyo hana.

Mizani yenyewe si ngumu. Nyumbani, kinachopasha na kinachopoza ndicho kinachokula: hita ya maji, jiko, pasi, mashine ya kukaushia nguo, friji, kiyoyozi. Kinachotoa mwanga, sauti au picha hula kidogo. Asiyeamini aiulize mita. Mita nyingi za kidijitali zina kitaa kinachomweka, na pembeni yake pameandikwa idadi ya mimweko kwa kila yuniti, kwa mfano 1000 imp/kWh. Zima vitu vyote, washa kimoja, pima muda wa mimweko 10 (wa kwanza uuhesabu sifuri, la sivyo utakosea kwa mmoja), kisha gawanya kwa 10 upate sekunde za mmweko mmoja. Kwa mita ya 1000, gawanya 3,600 kwa sekunde hizo. Jibu ni wati. Kwa mita ya 1600 anza na 2,250, na kwa ya 3200 anza na 1,125. Mmweko mmoja kila sekunde 36 kwenye mita ya 1000 ni wati 100. Ukija kila sekunde 2 ni wati 1,800, na hapo ujue kuna kitu kinapashwa.

Friji haipimwi hivyo. Kompresa yake huwaka na kuzima, kwa hiyo ukiipata imelala utasema haili kitu, ukiipata imeamka utaionea. Ipime kwa saa 24 kwa kipimo cha kuchomeka kwenye soketi. Na kama umezima kila kitu na mita bado inamweka kwa kasi, nenda moja kwa moja kwenye swichi ya hita ya maji, maana mara nyingi imejificha na imesahaulika.

Jambo moja kabla ya kuendelea: yuniti 1 ya umeme wa makaa ya mawe hutoa takribani kilo 1 ya kaboni dioksidi, wakati ya umeme wa maji, upepo au jua hutoa sehemu ndogo sana ya hiyo. Kama umeme wako unatoka mtoni, kuukazia macho hakutaleta tofauti kubwa, tazama zaidi gesi ya kupikia, kuni, petroli (lita 1 inatoa takribani kilo 2.3), na ile gesi ya friji nitakayoifikia.

Sasa maji. Kupandisha lita 1 kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunahitaji yuniti 0.093, hata kabla ya kuhesabu joto linalopotea pembeni. Inaonekana kama si kitu. Lakini lita moja na robo ya ziada kwenye birika, mara 4 kwa siku, inafika yuniti 170 kwa mwaka. Kubadili balbu ya wati 60 kwa LED ya wati 9 inayowaka saa 4 kila siku kunaokoa yuniti 74. Balbu ibadili, ndiyo, ni kazi ya dakika moja, ila usidhani umemaliza.

Kibaya kuliko birika ni bomba la maji moto linalodondoka. Tone moja kila sekunde linafanya takribani lita 20 kwa siku, na kama maji hayo yamepandishwa nyuzi 40, kila siku unapoteza karibu yuniti 1. Kwa kawaida sababu ni kijipira cha ndani kilichochakaa. Funga koki kuu, fungua bomba litoe maji yaliyobaki, legeza kichwa chake, toa kijipira na uweke kingine cha kipenyo kilekile. Likiendelea kudondoka, pale kijipira kinapokalia pamechimbika, na hapo panahitaji kusagwa au bomba zima libadilishwe. Kulikaza kwa nguvu ndiyo dawa ya wengi, na ndiyo inayokata kijipira.

Kuna anayesikia haya akakimbilia kushusha hita hadi nyuzi 45. Asifanye hivyo. Bakteria wa Legionella hustawi katika maji ya vuguvugu ya kiwango hicho, na hushambulia mapafu ya anayevuta matone madogo ya maji yanayoelea bafuni. Tangi libaki nyuzi 60, na kwa kuwa maji ya namna hiyo huunguza ngozi kwa sekunde chache, yachanganywe na ya baridi kabla hayajamfikia mtu. Okoa kwingine: vika mabomba ya moto sponji ya kuzuia joto, na punguza maji yenyewe. Bafu la mvua linalomwaga lita 10 kwa dakika, maji yakiwa yamepandishwa nyuzi 20, linakula yuniti 1.86 kwa dakika 8. Kichwa cha lita 6 kinakula 1.12, na anayeoga anatakata vilevile.

Jikoni kosa kubwa ni kuamini kwamba maji yanayotokota kwa fujo yanapika haraka. Maji yakishafika nyuzi 100 hayapandi tena kwenye sufuria ya wazi. Moto wa ziada unayageuza mvuke tu. Na mvuke ni ghali: kuikausha lita 1 iliyokwisha kuchemka kunahitaji yuniti 0.63, karibu mara 7 ya nishati iliyoitoa kwenye nyuzi 20 hadi kuchemka. Funika, punguza moto mpaka kifuniko kitulie kikitikisika kidogo tu, basi.

Kwa vyakula vinavyokaa jikoni muda mrefu, kapu la joto linashinda jiko lolote bora. Chemsha sufuria yenye kifuniko kinachobana kwa dakika 10 hadi 15, kisha izamishe ndani ya kapu au sanduku lililojazwa pamba, nyasi kavu au matambara, unene wa sentimita 10 kila upande, na juu mto wa kufunikia. Kinachoharibu kazi hii kinajulikana. Sufuria iliyojaa nusu hupoa upesi, kwa hiyo ijae angalau theluthi mbili. Matambara yenye unyevu hupitisha joto. Na kuna mpishi asiyeweza kuvumilia bila kuchungulia. Kila akifunua, joto la nusu saa limekwenda. Chakula kikishuka chini ya nyuzi 60 kisikae, kirudishwe motoni kichemke kabla ya kuliwa. Maharage mekundu yana sharti lake: yaloweke saa 5 au zaidi, mwaga maji hayo, yachemshe kwa nguvu dakika 30, ndipo yaingie kapuni. Yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko kamili, na kapu peke yake halifikii hapo.

Mabaki ya chakula nayapitia haraka, ingawa si jambo dogo. Kwa hesabu ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ilitoka majumbani. Kikizikwa dampo bila hewa kinatoa methani, ambayo kwa kipimo cha miaka 100 inazuia joto takribani mara 28 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule. Mboji inatatua hilo endapo inapumua: ndoo moja ya maganda mabichi kwa ndoo mbili au tatu za majani makavu, igeuzwe kila wiki, unyevu wake uwe kama wa sponji iliyokamuliwa. Ikinuka kama mkojo, mabichi yamezidi. Ikinuka yai viza, haina hewa, na hapo umejitengenezea dampo dogo uani.

Sasa friji, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Bana karatasi kwenye mlango, funga, vuta. Ikitoka bila ukinzani, mpira wa mlango haubani. Fanya hivyo pande zote nne, hasa pembeni mwa bawaba na pembe za chini. Kabla ya kununua mpira mpya, uoshe huu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kwa sababu mara nyingi ni utando wa mafuta na vumbi unaouzuia kukaa. Penye mkunjo, ulainishe kwa kitambaa cha maji moto na uufunge ukiwa bado laini. Nyuma, chomoa friji na uondoe vumbi kwenye mabomba membamba meusi, uache nafasi ya vidole vinne au vitano ukutani. Ndani, nyuzi 4 zinatosha, na kwenye friza hasi 18.

Barafu ikifika nusu sentimita, zima friji, weka bakuli la maji ya moto ndani, subiri. Usiitoboe kwa kisu. Ukuta ule wa friza ndio wenye mirija ya gesi, na kisu kikiugusa utasikia mlio mfupi, pssss, kisha kimya. Kilichotoka hapo kinaweza kuwa miongoni mwa hasara kubwa zaidi ambazo mkono mmoja unaweza kuifanyia hewa ya dunia katika sekunde kumi.

Hesabu yake ni hii. Gesi ya R-134a, iliyomo kwenye friji nyingi za miaka iliyopita, inazuia joto takribani mara 1,430 ya kaboni dioksidi kwa miaka 100. Gramu 100 tu ni sawa na kilo 143. R-410A ya viyoyozi inapita mara 2,000, na kiyoyozi cha nyumbani hubeba kama kilo 1: ikivuja yote ni zaidi ya tani 2, sawa na kuchoma lita 900 hivi za petroli. Ungehitaji kuchomoa chaja ya simu kwa zaidi ya miaka 2,000 ili kuifidia, hata kama umeme wako wote ni wa makaa ya mawe. R-600a, ambayo ni isobutani, iko chini kabisa, takribani mara 3, ila inashika moto, kwa hiyo fundi asichomelee mirija yake kabla haijasafishwa.

Kwa hiyo namna unavyomwita fundi inaweza kupita tabia nyingi za kila siku. Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama petroli, imefungwa, inazunguka. Ikipungua, imevuja. Fundi anayesema "imeisha, naongeza" bila kutafuta tundu anaimwaga hewani kwa awamu, na wewe ndiye unayelipa kila awamu. Kazi sahihi inakwenda hivi: kwanza gesi iliyobaki inavutwa kwa mashine hadi kwenye mtungi wake, haiachiwi hewani. Kisha mfumo unajazwa naitrojeni kwa presha na viungo vyote vinapakwa povu la sabuni. Panapotoa mapovu ndipo penye tundu. Tundu likizibwa, pampu ya vakyumu inavuta hewa na unyevu wote, kisha inazimwa na geji inaangaliwa kama sindano imetulia. Ikipanda, bado kuna tundu au maji. Mwisho gesi inapimwa kwa mizani, gramu kwa gramu, kama kibandiko kinavyosema. Anayejaza kwa kugusa bomba kama limepoa anakisia, na friji iliyozidishiwa gesi inakula umeme zaidi huku ikipoza vibaya.

Serikali zina sehemu yake, na zimeifanya kwa kiasi: Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016, chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987 (mkataba wa kulinda tabaka la ozoni), yalianza kutumika Januari 1, 2019 na yanapunguza hatua kwa hatua utengenezaji na matumizi ya gesi za aina ya R-134a na R-410A. Lakini mkataba haushiki valvu iliyo ukutani kwako. Anayeishika ni fundi uliyemwita, kwa maagizo uliyompa au uliyokaa kimya usimpe. Mpangaji ambaye kiyoyozi si chake hawezi kukibadili, na si haki kumlaumu kwa hilo. Anaweza kusafisha chujio kila mwezi, kutumia feni ya wati 60 kabla ya kukiwasha, na kumwandikia mwenye nyumba mara anapoona mafuta kwenye maungio ya mirija, kwa sababu mafuta hutoka pamoja na gesi.

Mtego mmoja huwanasa hata waliofanya kila kitu vizuri. Wananunua friji mpya isiyokula sana, halafu ile ya zamani, badala ya kuondoka, inahamia chumba cha pili kupoza vinywaji. Sasa mita inasoma friji mbili. Ya zamani iende kwa anayeweza kuitoa gesi kwa mashine, na isifike kwa mnunuzi wa vyuma chakavu ikiwa bado nayo, maana jambo la kwanza atakalofanya ni kukata mirija apate shaba.

Leo tafuta kibandiko cha kiwandani nyuma ya friji au kwenye ubavu wa kiyoyozi, kabla hakijafutika. Nakili aina ya gesi na gramu zake kwenye karatasi, ibandike mahali panapoonekana, na uache nafasi ya tarehe na gramu za kila matengenezo. Fundi akija, mwonyeshe karatasi hiyo kabla hajafungua begi lake, na umwombe akuonyeshe mizani.