Ndege Wanaosikika Bila Kuonekana

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, kila Jumamosi mimi hutembea katika bustani ya miti ya Arboretum, jijini Nairobi, lakini nasikia milio ya ndege bila kuwaona. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, tatizo si macho yako bali ni mwendo. Fika asubuhi na mapema, kabla wakimbiaji hawajajaa, usimame kimya karibu na mti wenye matunda kwa nusu saa, jua likiwa mgongoni mwako. Hapo utamwona shorobo, ambaye kwangu ndiye pambo la bustani hiyo, akikimbia juu ya tawi kama kindi, rangi yake ya kijani ikimficha majanini, mpaka anaporuka na kufunua mabawa yenye wekundu wa damu, wekundu unaotokana na shaba iliyomo ndani ya manyoya yenyewe. Darubini itakusaidia, lakini tangulia kwa masikio.