Maswali na majibu: mawe ya rangi yaliyoachwa na barafu

Maswali ya mawe yamekuwa mengi, na karibu yote ni ya zile kokoto za rangi zinazookotwa kwenye machimbo ya changarawe, mashambani na kando ya maziwa kule ambako zamani palifunikwa na barafu. Nayajibu kwa mpigo. Nikisema Maziwa Makuu hapa nina maana yale ya Marekani na Kanada, sio yetu.

Inakuwaje sehemu moja ndogo naokota mawe mekundu, ya kijani, ya waridi, hayafanani hata kidogo?

Kwa sababu hayakuzaliwa hapo. Barafu yenye unene wa zaidi ya kilomita moja ilishuka kutoka kaskazini, ikang'oa miamba ya kila aina njiani, ikaisaga, ikaikokota mamia ya kilomita, halafu ilipoyeyuka ikabwaga mzigo wote pale pale ilipoishiwa nguvu. Ndio maana akiki (mawe ya mistari yanayopitisha mwanga) za Lake Superior, mojawapo ya yale Maziwa Makuu, ambazo zilijitengeneza ndani ya matundu ya lava ya miaka kama bilioni 1.1 iliyopita, unaziokota mpaka majimbo ya Iowa na Kansas, Marekani. Wekundu mara nyingi ni chuma kilichopata kutu ndani ya jiwe, uwaridi wa graniti ni madini ya feldispari, na ile kijani ya pistachio ni madini yanaitwa epidoti. Jiwe la waridi na kijani kwa pamoja linaitwa unakaiti, likiwa zima lisilo na nyufa usiliache.

Nitajuaje hii ni akiki na sio kokoto tu?

Tembea ukilielekea jua asubuhi au jioni likiwa chini, akiki inapitisha mwanga kwa hiyo inawaka kama taa wakati mawe mengine yamelala tu. Ukishaiokota tafuta mistari myembamba inayofuatana, ngozi yenye vishimo vishimo, na pale ilipovunjika paonekane laini kama nta. Ikiwa nyekundu lakini haipitishi mwanga hata pembeni kwenye ncha nyembamba, hiyo ni yaspi, nayo inang'aa vizuri tu, usiidharau. Jiwe jeupe lenye vijiwe vyekundu vimesambaa ndani kama zabibu kwenye keki limetoka kaskazini mwa Lake Huron, Ontario, Kanada, lina zaidi ya miaka bilioni 2 na ni gumu kweli kweli.

Likiwa limelowa ni zuri ajabu, nikifika nyumbani limekauka limekuwa la kijivu. Nimeibiwa?

Hujaibiwa. Uso wa jiwe umekwaruzwa na mchanga miaka na miaka, mwanga ukigonga ile mikwaruzo unatawanyika hovyo na rangi inafifia. Maji yanajaza mikwaruzo, rangi inarudi. Kung'arisha ni kuondoa mikwaruzo yenyewe ili isihitaji maji tena. Kuna watu wanapaka mafuta au vanishi wanamaliza, mi siwalaumu, ila vumbi linaganda na baada ya muda linachosha macho.

Nina ndoo nzima. Nichague yapi ya kung'arisha?

Hapa ndipo watu wengi wanaharibu, wanachagua kwa rangi. Chagua kwa ugumu. Chukua kisu cha chuma cha kawaida ukwaruze sehemu isiyoonekana, kisu kikiteleza na kuacha mstari wa kijivu wa chuma chenyewe basi jiwe limekizidi, liko kwenye 6 au 7 za kipimo cha Mohs (cha ugumu wa madini, 1 hadi 10), hapo ndipo zilipo akiki, yaspi na kwatzi. Kisu kikilichimba, jiwe ni laini, litie tone la siki, siki ikitoa mapovu hapo una chokaa, yaani kalsaiti, ugumu wake 3 tu. Halafu lipapase kwa kucha na uliangalie juani kwa lenzi, jiwe lenye ufa au linalomeguka punje punje litupe hata kama rangi yake inakutoa machozi, maana ufa unaficha unga wa msasa na ule unga utakwenda kuwakwaruza wenzake hatua ya mwisho.

Yale laini usiyachanganye na magumu kwenye mashine ya kuzungusha mawe, yatasagwa yageuke tope. Mfano ni mawe ya Petoskey, jiwe rasmi la jimbo la Michigan tangu 1965, ambayo ni visukuku vya matumbawe vyenye vyumba vya pembe sita. Hayo unayang'arisha kwa mkono: msasa wa maji namba 220 (namba ikipanda punje zinakuwa ndogo zaidi), halafu 400, halafu 600, kila hatua mpaka mikwaruzo ya hatua iliyopita iishe, mwisho unasugua kwa kitambaa cha mahameli chenye unga wa kung'arishia. Jioni moja umemaliza.

Mashine ya kuzungusha inafanyaje kazi na mbona inachukua muda hivyo?

Inafanya kile mawimbi yanafanya, ila haraka zaidi. Pipa unalijaza mawe hadi theluthi mbili, makubwa na madogo yachanganyike ili yasagane vizuri, maji yaje karibu kuyafunika, unaweka unga wa silikoni kabaidi namba 60/90 unawasha na unaiacha kama wiki nzima mchana na usiku. Hatua hii ya kwanza ndio inayotengeneza umbo, na kama jiwe bado lina mashimo lirudishe tena na tena, hakuna njia ya mkato, mashimo yaliyobaki hapa hayaondoki mbele. Kisha 120/220, kisha 500, kisha unga wa alumini oksaidi wa kung'arisha, kila moja kama wiki. Kati ya hatua na hatua osha mawe, osha pipa, osha mfuniko, osha mikono, punje moja ya unga mkubwa ikiingia kwenye hatua ya mwisho umepoteza mwezi. Ukitaka kujua limeiva likaushe kabisa kwanza, likiwa limelowa kila jiwe linadanganya.

Lile tope linalobaki kwenye pipa usilimwage kwenye sinki, linaganda kama saruji ndani ya bomba. Mwaga kwenye ndoo likauke, utupe. Na usikate wala kusaga jiwe lolote likiwa kavu, vumbi la kwatzi likiingia kwenye mapafu halitoki.

Graniti yangu imetoka na vishimo, nimekosea wapi?

Hujakosea, graniti ni mchanganyiko wa madini. Kwatzi na feldispari zinabaki juu, maika ni laini na inabanduka vipande vipande, inaacha vishimo. Chagua yenye punje ndogo na maika kidogo.

Nimeokota karibu na Leland, Michigan, jiwe la bluu la kupendeza lenye vipovu ndani. Ni nini?

Vipovu vya duara ni dalili ya kioo, na kwa sehemu hiyo unayosema ni taka ya tanuru la kuyeyushia chuma la karne ya 19. Inang'aa vizuri, ila sio jiwe la asili.

Kaharabu je, si nayo inapatikana kwenye mabaki ya barafu?

Ndio, pwani za Baltiki. Ni nyepesi, inaelea kwenye maji yenye chumvi nyingi, na ni laini, msasa mwembamba unatosha. Ila tahadhari moja ya kweli kabisa: kwenye fukwe za Usedom, Ujerumani, kuna mabonge ya fosforasi nyeupe kutoka mabomu ya vita kuu ya pili, yanafanana na kaharabu, na yakikauka yanawaka yenyewe. Watu wameungua mapajani. Unachodhani ni kaharabu usikiweke mfukoni, kiweke kwenye kopo la chuma na ukiache nje mpaka kikauke, ili kama ni fosforasi iwakie huko.

Kuna sheria ya kuokota?

Inategemea ardhi ya nani. Kwenye ardhi ya jimbo la Michigan mtu anaruhusiwa pauni 25 kwa mwaka, kama kilo 11, kwa matumizi yake mwenyewe. Kwenye hifadhi za taifa kama Sleeping Bear Dunes na Pictured Rocks huruhusiwi kuchukua hata moja. Machimbo ya changarawe na mashamba omba ruhusa kwa mwenyewe, wengi wanakubali ukiuliza vizuri.