Unahamia kijijini England? Lile gazeti la mlangoni usilitupe

Mkuu habari za huko. Nimeliona swali lako, kwamba umepata kazi kwenye nyumba ya wazee kijijini, unahama Birmingham mwezi ujao na kuna mtu kakutisha kwamba huko utaongea na kondoo mpaka akili ihame, ndo unauliza watu wa vijijini wanakutana wapi na habari za mtaa unazipata kwa nani. Wengi naona wamekujibu habari za baridi tu. Mi nipo kijijini mwaka wa nne saivi, Lancashire, juu kidogo ya mto Ribble, kijiji cha kanisa moja, pub moja, shule ya watoto wadogo na ukumbi, duka lilishakufa kabla sijafika. Mi mtu wa Tanga, Mwislamu, shift zangu ni za usiku. Ngoja nikupe yaliyonikuta.

Kwanza nikuambie ujinga wangu. Kila mwanzo wa mwezi nilikuwa nakuta kijitabu kimesukumwa kwenye tundu la barua mlangoni, kurasa kama 30, juu kuna picha ya kanisa. Nikajua hawa jamaa wanataka kunibatiza. Nakichukua, moja kwa moja kwenye pipa la karatasi. Miezi minane mkuu! Miezi minane natupa alafu nakaa ndani nalalamika kwa mke wangu kwenye simu kwamba hawa watu wana roho mbaya, wanafanya mambo yao hawaniambii, leo nimeona wamefunga barabara wanacheza, juzi nimeona watu wote wamevaa magwanda wanaokota takataka, hamna hata mmoja aliyegonga hodi. Kumbe yote yalikuwa yameandikwa mle. Kanisa linachapisha tu, ila ndani kuna siku za mapipa, ratiba ya gari la maktaba, nani kafiwa, fundi bomba, mkutano wa baraza la kijiji, mwanamke anayefundisha yoga, paka aliyepotea, kila kitu. Siku nilipokaa kukisoma, tena ni kwa vile nilikuwa nasubiri chai ichemke, nilijisikia vibaya kweli kweli.

Na hapo ndo utofauti wao na sisi. Kwetu ukiwa na shughuli unamtuma mtoto nyumba kwa nyumba, usipoambiwa kwa mdomo hujaalikwa, na ukienda bila kuambiwa unaonekana mdoezi. Hawa kwao tangazo likishabandikwa kwenye ubao pale kituo cha basi basi kila mtu kaalikwa, na we pia. Anayekuja mlangoni kukuita anajiona anakusumbua. Sasa mgeni wa kwetu anasubiri kuitwa, wao wanasubiri aje, miaka miwili inaisha hivohivo kila mtu anamuona mwenzie ana maringo.

Kuna na kundi la Facebook la kijiji, jiunge, lakini usilichukulie kama ndo kijiji chenyewe. Kule ni helikopta ilikuwa inatafuta nani usiku, nani kaacha kinyesi cha mbwa njiani, na picha ya ufunguo uliookotwa, ni wa nani. Watu walewale wanaotukanana kule kwa herufi kubwa, Jumanne unawakuta wamekaa meza moja wanakula keki.

Jumanne sasa. Kwetu saa nne asubuhi mpaka saa sita ukumbi unafunguliwa, chai au kahawa na kipande cha keki paundi 2, wanaokuja wengi ni wastaafu na kina mama wenye watoto wachanga. Nilienda mara ya kwanza nimetoka shift, macho mekundu, nikakaa pembeni, watu wananisalimia vizuri tu, hali ya hewa, umezoea, tabasamu, alafu wanarudi kwenye story zao. Mara ya pili hivohivo. Mara ya tatu nikachoka kukaa kama bwana harusi, nikaona vikombe vimejaa kwenye sinki nikaingia jikoni nikakunja mikono. Bibi mmoja mfupi, miaka 80 na kitu, akaniangalia akaniuliza kitu kimoja tu: unaosha au unafuta? Nikasema naosha. Akanirushia aproni. Mkuu, ndani ya saa moja pale kwenye sinki nilijua habari za kijiji kizima, nani hasemeshani na nani na kwa nini, ule ua wa miti uliokatwa mwaka 2009 mpaka leo haujasamehewa. Mezani hawaongei hawa, wanaongea wakiwa wanafanya kazi na hawakuangalii usoni. Wiki iliyofuata jina langu lilikuwa limeshaandikwa kwenye karatasi ya zamu, sikuombwa wala sikuulizwa, Jumanne ya kwanza na ya tatu, ufunguo wa ukumbi upo kwangu. Yule bibi ndo kanifundisha kuliwasha lile birika kubwa la umeme lenye bomba, maana lina visa vyake, ukiliwasha swichi ya ukutani kabla ya kulijaza maji linakata umeme wa ukumbi mzima.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni sinki. Usianze na pub, kwa sisi tusiokunywa pub ni ngumu kidogo japo wanauza soda na chakula na hamna anayekuuliza. Na suala la bahati nasibu, kila shughuli yao lazima wauze tiketi, zawadi ni chupa za wine na maboksi ya sabuni. Mi natoa paundi yangu kama mchango tiketi sichukui, mwanzo walishangaa saivi wameshazoea, wananipitishia kopo tu.

Mbwa. Sijui we unawaogopa kiasi gani ila jiandae. Mi nilivyolelewa mbwa ni wa kumpisha njia, huku mbwa ndo anayekuunganisha na mwenyewe. Nakwambia najua majina ya mbwa kama 15 na majina ya wenye mbwa labda sita.

Sasa kuhusu baraza la kijiji, wengi wetu hatujui hata kama lipo. Wanaliita baraza la parishi, ukisikia parishi usidhani ni mambo ya padre, ni serikali ya mtaa ya ngazi ya chini kabisa, ipo tangu sheria ya mwaka 1894, na England nzima yako kama 10,000 hivi. Ukiangalia bili yako ya kodi ya halmashauri utakuta mstari mdogo wa hela inayoenda kwao, kwa hiyo unawachangia tayari. Madiwani wake wanajitolea, anayelipwa ni karani. Wanashughulika na mabenchi, majani ya uwanja, viwanja vya kuchezea watoto, makaburi sehemu nyingine, na wanatoa maoni mtu akitaka kujenga. Mashimo ya barabarani sio yao, hayo ni ya ngazi ya juu, ila kila mkutano lazima mtu asimame alalamikie mashimo na karani ajibu kwa sauti ileile ya uchovu kwamba ataiandikia kaunti.

Mikutano iko wazi, unaingia unakaa nyuma, kuna dakika za wananchi kuuliza. Kila mwaka kati ya Machi 1 na Juni 1 kunakuwa na mkutano wa kijiji kizima, hapo ni kama mkutano mkuu wa kijiji kwetu ukiondoa wale wanaokuja kwa ajili ya posho. Mi niliwahi kuhudhuria wakijadili kibanda cha simu, vile vyekundu vya zamani, kampuni ya simu ilikuwa inawauzia vijiji kwa paundi 1 tu. Saa nzima na dakika ishirini watu wazima wanabishana wakiweke vitabu vya kubadilishana au ile mashine ya kushtua moyo. Nilikuwa nacheka kimoyomoyo. Mwisho mashine ikashinda, vitabu vikapelekwa kituo cha basi, na mwaka jana mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwangu alianguka bustanini ikatolewa mle ikamfaa, kwa hiyo saivi sicheki.

Na hili wengi hawalijui: Mtanzania, Mkenya, Mganda, hata Mnyarwanda, kwa vile nchi zetu ziko Jumuiya ya Madola, ukiwa unaishi hapa kihalali una haki ya kujiandikisha na kupiga kura, sio ya kijiji tu, hata ya wabunge. Kitambulisho paspoti yako ya nyumbani inatosha. Mi nilipiga ya madiwani, msimamizi wa kituo alikuwa yule bibi wa aproni, akanikagua paspoti kama hanijui.

Kiangazi ndo utamu wenyewe. Kuna sherehe ya kijiji Juni au Julai, mbio za magunia, keki, mimea ya kwenye vikopo, watoto wanarusha sifongo za maji usoni kwa mwalimu mkuu. Kuna vijiji vina mambo yao, Wray huku huku Lancashire kila mwaka kuelekea sikukuu ya mwanzo wa Mei wanajaza masanamu ya kutishia ndege kijiji kizima, kila nyumba na lake, watu wanatoka mbali kuja kuangalia, nenda siku moja. Alafu kuna maonyesho ya mazao mwisho wa kiangazi, na hapa naomba unisikilize vizuri maana mi niliumbuka.

Niliona kwenye kijitabu kuna shindano la keki, ile ya matabaka mawili yenye jemu katikati, wanaiita Victoria. Nikasema keki gani hiyo ya kunishinda, mama watoto akanielekeza kwa video call, ikatoka imeumuka vizuri mpaka nikaipiga picha. Katikati nikaweka jemu ya stroberi, juu nikamwagia sukari ya unga nikapamba. Nimeipeleka, majaji wanafunga milango, hamna kuingia, saa nane mchana wanafungua. Nakimbilia meza yangu nakuta kikaratasi kimeandikwa N.A.S. Nikajua ni alama ya juu! Nikapiga na hiyo picha nikatuma Tanga. Kumbe maana yake ni Not According to Schedule, kwamba haikufuata masharti ya ratiba, ile karatasi ya sheria za shindano, yani hawakuihukumu kabisa. Jemu lazima iwe ya rasiberi na juu ni sukari laini ya chembechembe tu (caster), sio ya unga, imeandikwa kwenye ratiba kwa maandishi madogo. Nilikasirika, nikasema huu ni ubaguzi. Nageuka naona meza ya pili mama mmoja mwenyeji aliyezaliwa palepale karoti zake nazo N.A.S., alileta nne masharti yalisema tatu. Siku ile nilipewa pole na watu ambao hawajawahi kunisemesha, kila mmoja anakuja kunihadithia N.A.S. yake ya mwaka gani. Mwaka uliofuata nikaingiza mchicha kwenye kundi la mboga nyingine yoyote, nikawa wa tatu, zawadi peni 50 kwenye bahasha, sijaitumia mpaka leo.

Sisemi ni peponi. Kuna nyumba nikipita mwenyewe anaangalia pembeni mpaka leo, na kuna mzee ukumbini aliniuliza mara tatu narudi kwetu lini, ya tatu nikamuuliza na yeye anarudi lini Yorkshire, meza ikacheka wakamalizana naye wao. Jumapili za Januari ni ndefu sana, hilo sikufichi, msikiti mpaka uende mjini.

Ila kuna kimoja lazima nikuhadithie. Jumapili ya pili ya Novemba wanakusanyika kwenye mnara wa wafu wa vita, saa tano kamili wanakaa kimya dakika mbili, alafu chai ukumbini. Mi nilikuwa zamu. Mzee mmoja namfutia meza akaniuliza natoka wapi hasa, nikasema Tanzania, akasema Tanzania wapi, nikasema Tanga. Akaweka kikombe chini. Akasema: nyuki.

Nikabaki namwangalia. Kumbe mjomba wa baba yake alikuwa jeshini, kikosi cha Loyal North Lancashire, walishushwa Ras Kasone, ufukweni pale Tanga, Novemba 1914 kupigana na Wajerumani wakachapwa, na katikati ya vita nyuki wakawavamia. Sisi Tanga hii story tumekua nayo, babu zetu walikuwa wanaihadithia kama kichekesho, sikuwahi kuwaza kwamba upande wa pili kuna familia inaihadithia pia. Yule mjomba alirudi mzima, na mpaka anakufa asali ilikuwa haiingii nyumbani kwake. Mzee akaniuliza kwa aibu kidogo, kama ule ufukwe upo bado. Nikampigia mdogo wangu, akachukua bodaboda jioni ile ile akaenda Ras Kasone akapiga picha, maji yamejaa, watoto wanaogelea. Nikamprintia. Mwezi uliofuata ile picha ilitoka kwenye kile kijitabu, ukurasa wa 7, na jina langu chini wamelikosea herufi mbili.

Umeuliza pia kama gari ni lazima. Ndiyo mkuu. Basi letu la mwisho linatoka mjini saa kumi na mbili kasoro jioni na Jumapili halipo kabisa, na nyumba za wazee zinapenda kukupanga Jumapili. Kama leseni bado, waambie manager mapema kabla hajatoa rota, yani ratiba ya zamu, na uliza kwa wafanyakazi wenzio nani anapita njia yako, mi nilibebwa mwaka mzima na mpishi kwa kumchangia mafuta.