Alama za msongo zimeshuka: je, ni mafunzo yaliyozishusha?

Swali: Niliwapima msongo wa mawazo waanikaji wa dagaa 120 kwenye mwalo (ufuko wa kupokelea samaki) mmoja hapa Ilemela, Mwanza, kwa dodoso lenye alama 0 hadi 40. Wastani wao ulikuwa 20. Nikawachukua 40 wenye alama za juu zaidi, ambao wastani wao ulikuwa 28, nikawapa mafunzo ya wiki sita, kisha nikawapima tena na kupata wastani wa 23. Jaribio la t la jozi, linalolinganisha vipimo viwili vya watu walewale, limetoa p chini ya 0.01, lakini msimamizi wangu anasema siwezi kudai kuwa mafunzo yamefanya kazi. Kwa nini?

Jibu: Msimamizi wako yuko sahihi, na tatizo halimo katika hesabu yako bali katika namna ulivyowapata wale 40. Thamani ya p inakuambia kwamba tofauti kubwa kiasi hicho si rahisi kutokea iwapo hapakuwa na badiliko lolote. Haikuambii badiliko limeletwa na nini.

Kila alama ya dodoso hubeba hali halisi ya mtu pamoja na mambo ya siku ile: usiku alilala vipi, mvua ilinyeshea dagaa wake au la. Ukichagua wenye alama za juu kabisa, unakusanya pia wengi ambao siku hiyo ilikuwa mbaya kwao kuliko kawaida, na ukiwapima tena watashuka hata usipowafundisha chochote. Francis Galton alilieleza jambo hili mwaka 1886 kwa vimo vya wazazi na watoto wao, nasi tunaliita kurejea kwenye wastani.

Tuseme uhusiano kati ya kipimo cha kwanza na cha pili, pasipo mafunzo, ni 0.6 (0 ni kutohusiana kabisa, 1 ni kuhusiana kikamilifu), na mtawanyiko wa alama haukubadilika. Wastani unaotarajiwa kwa kundi lako ni 20 + 0.6 × (28 − 20), yaani 24.8. Kwa hiyo kati ya alama 5 ulizozifurahia, 3.2 zingeshuka zenyewe. Hiyo 0.6 ni ya mfano tu. Ndiyo maana wapime tena wale 80 ambao hukuwafundisha, mapema iwezekanavyo. Wastani wao wa awali lazima ulikuwa 16, na kwa mfano huohuo wangetarajiwa kupanda hadi 17.6 bila sababu yoyote ya maana.

Hata alama 1.8 zinazobaki nisingezikabidhi kwa mafunzo haraka, kwa sababu ya mwezi (na hapa walimu wengi wa takwimu wasioishi kando ya Ziwa Victoria wangepitiliza). Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikolea mitumbwi mingi hupumzika. Mzunguko wa mwezi ni siku 29.5, kwa hiyo ukipima wakati wa giza, wiki sita (siku 42) baadaye unaangukia karibu na mwezi mpevu, wakati usingizi, kazi na kipato cha waanikaji vimebadilika. Pengo la siku 59 lingekurudisha kwenye hali ileile ya mwezi.

Kwa awamu ijayo, wagawe kwa bahati nasibu wale wenye alama za juu: nusu wapate mafunzo kwanza, nusu wasubiri na kuyapata baadaye, na wote wapimwe siku zilezile. Kurejea kwenye wastani na mwezi vitayagusa makundi yote mawili kwa namna moja, hivyo tofauti utakayoipata kati yao ndiyo utakayoijadili. Ichanganue kwa uchanganuzi wa kovariansi, yaani linganisha makundi huku ukizingatia alama za awali za kila mtu, badala ya kufanya majaribio mawili ya t na kulinganisha thamani zake za p, kosa ambalo nakutana nalo katika tasnifu nyingi mno.

Katika tasnifu ya sasa, ripoti mshuko wa alama 5 pamoja na masafa yake ya imani ya asilimia 95 (mipaka ya chini na ya juu ya makadirio ya mshuko halisi), ueleze wazi jinsi washiriki walivyochaguliwa na tarehe za vipimo, na uondoe neno “athari” kwenye kichwa cha utafiti.