Maswali ya Wasomaji: Jalada zima limekuja PDF moja, nalikataje?

SWALI: Shikamoo anko. Mimi ni karani kwenye ofisi ya wakili hapa Moshi. Tuna kesi ya kihamba, yaani shamba la ukoo, ndugu wanagombana toka mzee wao afariki. Wakili wa mwanzo kajitoa, akatuachia fleshi tu, ndani kuna PDF moja ya kurasa 412 na kila kitu kimo humo humo, hati ya madai, majibu, viapo, barua za kijiji, risiti, muhtasari wa kikao cha ukoo, mpaka kitambulisho cha mtu kimeskaniwa kichwa chini. Bosi anataka kila hati iwe na faili lake na jina lake kabla ya Jumatatu. Jamaa wa steshenari anasema niipandishe kwenye tovuti fulani ya bure inakata yenyewe. Nifanye hivyo?
Karani, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu. La tovuti usifanye, na jamaa wa steshenari mwambie asante. Humo ndani kuna vitambulisho, namba za simu, ugomvi wa ukoo mzima, alafu wewe unavituma kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua, pengine iko bara lingine kabisa. Siri za mteja ni za mteja. Na sasa hivi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na kupeleka taarifa za watu nje ya nchi imewekewa masharti humo. Kwa kazi ambayo laptopu yako inaifanya bila hata bando, unajitafutia nini?

Pakua PDFsam Basic, programu ya kukata PDF, ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na faili halitoki kwenye mashine yako. Ila usiifungue kwanza, maana kukata ni dakika chache, kazi yenyewe ni kujua ukate wapi, na hilo hakuna programu itakayokufanyia vizuri kwenye jalada la namna hiyo. Zipo zinazokata kila zikikuta karatasi tupu, sasa fikiria hati iliyoprintiwa mbele na nyuma, kila nyuma iliyobaki wazi inageuka mpaka wa hati, utajikuta na vipande vya kiapo kimoja vimetawanyika.

Kwahiyo fungua Excel au hata daftari, piga mistari: hati gani, ya nani, tarehe, ukurasa wa kuanzia, ukurasa wa kuishia. Na hapa sikiliza vizuri, andika namba inayoonyeshwa na programu, sio ile iliyoandikwa kwenye karatasi! Jalada la kesi lina namba za kila aina, za aliyechapa, za kalamu alizoandika karani kule masjala, za kiambatisho chenyewe, na hakuna hata moja inayolingana na ya PDF. Ukizichanganya utakuta saini ya mdaiwa imeenda kuishi na risiti ya mbolea.

Mwanzo wa hati za mahakama unaujua, kichwa cha habari kinataja mahakama. Mwisho ndio watu wanakosea. Hati ya madai haiishii kwenye maombi, baada ya maombi kuna uthibitisho na saini, na mara nyingi nyuma yake kuna ukurasa mwingine wenye muhuri wa kupokelewa na majina ya wa kupelekewa nakala. Kiapo kinaishia pale kamishna wa viapo alipogonga muhuri na kuandika wapi na lini, kisha ndio viambatisho vinafuata na herufi zake. Ukiona kiapo kinakwisha bila muhuri, usiandike kwamba kimeisha, geuza mbele, inawezekana aliyeskani alichanganya karatasi.

Kama kurasa 412 zinakutisha, geuza picha kuwa maandishi kwanza ili uweze kutafuta neno. NAPS2 ni ya bure na inafanya hiyo kazi, ila chagua Kiswahili na Kiingereza vyote viwili, kwa sababu sheria ilibadilishwa 2021 Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, na jalada la kesi ya muda mrefu huwa limepita pande zote. Kwahiyo utatafuta "KATIKA MAHAKAMA" na pia "IN THE HIGH COURT". Maandishi ya mkono ya mwenyekiti wa kijiji hayo sahau, soma kwa macho.

Orodha ikikamilika ndio fungua PDFsam, chagua kugawa kwa namba za kurasa, kisha andika namba za kurasa za MWISHO za kila hati, mfano 14,22,61. Itakata baada ya kila namba. Kama wewe ni wa kuandika amri badala ya kubonyeza vitufe, kuna programu nyingine, qpdf, inakupa jina unalotaka hapo hapo:

qpdf jalada.pdf --pages . 1-14 -- 01_Hati_ya_Madai.pdf

Majina anza na 01, 02, 03, sio 1, 2, 3, maana ukianza na 1 kuna mashine zitaipanga 10 kabla ya 2. Namba ya kesi yenye mkwaju (/), Windows inaukataa kwenye jina la faili, weka kistari (-).

Jambo moja ambalo nitabishana na bosi wako: viambatisho vya kiapo usivitenganishe na kiapo chake. Kiapo kinasema "naambatisha nakala iliyotiwa alama A", ukikinyofoa hicho A kinabaki karatasi tu. Akitaka barua ya kijiji peke yake kwa ajili ya kusoma, mtolee nakala kwenye folda ya kazi. Na ile PDF ya kurasa 412 iache kama ilivyo, usiiguse, kile kitambulisho kilicho kichwa chini kigeuze kwenye nakala. Ukimaliza jumlisha kurasa za mafaili yote, zisipofika 412 kuna kitu kimedondoka njiani.

SWALI: Mambo anko, mimi niko Arusha, Sakina. Nimetumiwa mkataba wenye saini ya kidijitali, nataka kutoa kurasa mbili tu nimpelekee wakili. Saini itabaki?
Msomaji, Arusha

JIBU: Poa. Haibaki. Ile saini imefungwa na faili zima, ukitoa hata ukurasa mmoja unatengeneza faili jipya ambalo aliyesaini hakulisaini. Picha ya saini inaweza kuonekana pale pale, lakini uhakiki ndio umeondoka. Mtumie wakili faili zima, alafu kwenye meseji mwandikie asome kurasa zipi.

SWALI: Nimefunika majina ya watoto kwenye PDF kwa kibox cheusi kabla ya kuikata, inatosha?
Mama Wawili, Moshi

JIBU: Hapana mama. Kama chini yake kuna maandishi ya kompyuta, mtu anayavuta kwa mausi anakopi, anabandika kwingine, anasoma kila kitu. Printi huo ukurasa ukiwa umefunikwa, uuskani upya, kisha jaribu wewe mwenyewe kukopi pale penye weusi kabla hujaituma.