Wiki ya 36 na mkubwa bado analilia mgongo

Pole mama. Umeuliza ufanyeje na mtoto wako mkubwa wa miaka 2 anayetaka kubebwa nawe uko wiki ya 36 ya ujauzito. Nimepitia hayo hapa Pasua, Moshi. Usimnyanyue, kaa kwenye mkeka, yeye ndiye apande mapajani. Mchana tulikuwa tunalala wote, mimi kwa ubavu, yeye "anamsikiliza mdogo wake" (alikuwa anampiga makofi, lakini basi). Mtori nilipika sufuria moja asubuhi, jioni napasha tu. Kufua nilimwachia baba yao, majirani waseme wachoke.

Ila uso ukivimba ghafla, kichwa kikiuma sana au mtoto tumboni akipunguza kucheza, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo, mkubwa mwachie bibi yake.