Swali la lugha: Wanakaa kinyumba, au ni mahawara?

Swali: Mwalimu, naandika ripoti ya utafiti kuhusu watu wanaoishi pamoja hapa Jinja bila kufunga ndoa kanisani wala msikitini. Niliwaita "mahawara", msimamizi wangu akalikata neno. Mbona limo kwenye kamusi? (Mwanafunzi, Jinja)

Jibu: Limo, na sarufi yako haina dosari. Ila hawara ni mpenzi asiye halali. Ukilitaja umekwisha kuhukumu hata hojaji haijagawiwa. "Kimada" ndiyo mbaya zaidi, kwani lawama yote humwangukia mwanamke. Mwanamume aliyemweka haitwi chochote! Andika "wanaokaa kinyumba".

Kinachonisumbua zaidi ni hilo "bila ndoa" lililojificha nyuma ya swali lako. Baadhi yao huenda walishafanya kwanjula (sherehe ya Baganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi), au kuhingira (sherehe ya kumkabidhi bibi harusi) kama ni watu wa magharibi mwa Uganda, na sheria ya Uganda inaitambua ndoa ya kimila. Ukiwaandika kuwa hawana ndoa, hujawavunjia heshima tu, umeharibu na takwimu zako. Waulize kwanza wao wenyewe wanaitanaje.

Sisemi uvue imani yako mlangoni. Max Weber, mwanasosholojia wa Ujerumani, aliandika mwaka 1904 kwamba mambo tunayoyathamini ndiyo hutuchagulia la kuchunguza. Alichokataa ni yatuamulie na jibu. Kwa hiyo ikiwa dini yako ndiyo iliyokusukuma kuichunguza ndoa, hewala. Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda aliyekuja kufundisha Chuo Kikuu cha Makerere, alipokuwa mwanafunzi Oxford aliwapinga wahadhiri waliowaita Waafrika washenzi. Nao walidhani wanaeleza tu.

Chunga pia "mmomonyoko wa maadili", msemo tunaoupenda mno redioni na mimbarini. Kinachomomonyoka lazima kwanza kiwe kilikuwa kizima. Je, una data za zamani za kulinganisha? Kama huna, andika kilichobadilika na uishie hapo. Vivyo hivyo "imebainika kuwa vijana wamepotoka": nani aliyebaini, na njia iliyonyooka ni ya nani? Kauli ya kutendeka humficha hakimu. Andika "wazee niliowahoji walisema vijana wamepotoka", kisha msomaji atajua maneno ni ya nani.

Watoto wao usiwaite "wanaharamu" kamwe. "Waliozaliwa nje ya ndoa" litumie pale tu wazazi wenyewe wamekuambia kwamba hawajaoana.